Mapacha wa kondo moja: mlipuko ukija, nipunguze kwenda kupima?

SWALI

Shikamooni wakunga na madaktari wa safu hii,

Mimi ni mama wa miaka 27, nakaa Makorora, Tanga mjini. Hii ndiyo mimba yangu ya kwanza. Wiki ya 13 nilipigwa ultrasaundi nikaambiwa ni mapacha, na kwenye karatasi wameandika MCDA, halafu herufi T. Mpimaji alinieleza harakaharaka kwamba watoto wanatumia kondo moja ila kila mmoja ana mfuko wake wa maji, na kwamba kuanzia wiki ya 16 nirudi kila baada ya wiki mbili. Wiki ya 16 nikarudi. Karatasi inasema maji ya mtoto A sentimita 3.1, ya mtoto B sentimita 5.2.

Shida ni kwamba kituo ninachohudhuria kliniki wameniandikia tarehe ya kurudi baada ya wiki nne, kama wajawazito wenzangu. Zimebaki siku nne nitimize wiki ya 18 na sijui nimsikilize nani.

Nyumbani nako kuna jambo. Mwaka 2021 wifi yangu alibeba mapacha wa aina hii hii. Wimbi la UVIKO lilipopanda mwezi wa saba, kituo chake kilimwambia asije mpaka hali itulie, akiwa na tatizo apige simu. Alikaa wiki tano bila kipimo. Tumbo likajaa ndani ya siku chache, akafikishwa hospitali mtoto mmoja ameshafariki. Wa pili alizaliwa wiki ya 25 na hakuishi. Mama mkwe anaamini wifi aliambukizwa kwenye foleni ya kliniki na kwamba ndiyo sababu. Sasa kila redio ikitaja mlipuko, hata uwe nchi ya mbali, ananiambia, "Tulia nyumbani, watoto wanakulia tumboni, hawakulii kwenye mashine." Baba watoto ni mvuvi, hataki kumpinga mama yake, na pesa ya kupima kila wiki mbili inamuumiza kichwa.

Naomba kujua: hizo wiki mbili ni lazima kweli? Mlipuko kama ule ukirudi nikiwa bado na mimba, nini naweza kuacha na nini nisiache? Na kuna kitu nifanye nyumbani? Dawa ninazotumia ni foliki ya miligramu 5, niliinunua duka la dawa kwa kuambiwa mapacha wanataka dozi kubwa, na SP ya kwanza, dawa ya kukinga malaria, nilipewa wiki ya 16.

Mama wa Mapacha Mtarajiwa, Makorora

JIBU

Marahaba, mwanetu. Pole kwa msiba wa wifi yako, na pole hizo zimfikie mama mkwe pia.

Msikilize mpimaji. Tarehe ya wiki nne inamfaa mjamzito wa mtoto mmoja, na hata mapacha wenye makondo mawili wakienda vizuri hupimwa kila wiki nne. Wako si hao. Nenda na karatasi ya wiki ya 13, mwonyeshe nesi wa kliniki, umwombe aandike kwa wino mwekundu kwenye jalada la kadi yako: "Mapacha, kondo moja, mifuko miwili. Ultrasaundi kila wiki 2." Tunataka iwe kwenye jalada kwa sababu siku ya foleni ndefu, au siku nesi wako anaumwa na nafasi yake ameshika mgeni, hakuna atakayepekua kurasa za ndani kutafuta herufi nne. Mlipuko ukija wageni wa aina hiyo huwa wengi, maana watumishi nao wanaugua na wengine wanahamishiwa wodi za wagonjwa wa mlipuko.

Ile T ni umbo linaloonekana kwenye kioo cha mashine. Utando unaotenganisha mifuko ya watoto wako umeshuka wima hadi kwenye kondo, kama nguzo iliyosimikwa sakafuni. Makondo yakiwa mawili yaliyogusana, nyama ya kondo hupanda kati ya utando na kufanya kabari, umbo la paa la makuti ukilitazama kwa mbele. Tofauti hiyo huonekana vizuri kati ya wiki ya 11 na ya 14. Baada ya hapo kabari huanza kufifia, na kufikia wiki ya 20 hata mpimaji mzoefu anaweza kubabaika. Ndiyo maana ultrasaundi ya kwanza ya mapacha haistahili kuahirishwa "mpaka hali itulie": ikiahirishwa, mama anaweza kubeba mimba nzima bila mtu kujua ni ya aina gani, halafu anapewa ratiba isiyo yake. Wewe hiyo umeshaivuka. Ipige picha karatasi, itume kwenye simu ya mumeo na ya mtu mwingine mmoja unayemwamini, isije ikalowa na masika ikapotea na ushahidi wote.

Sasa sababu ya wiki mbili. Juu ya kondo moja, mishipa ya watoto wote wawili imeungana, na damu hupita huku na kule. Kwa wengi, kinachokwenda na kinachorudi hulingana. Kwa mimba 10 hadi 15 kati ya 100 za aina yako mizani hupinda: mmoja, tumwite Kulwa, anatoa damu nyingi kuliko anayorudishiwa, na Doto anapokea kuliko anavyohitaji. Figo za Kulwa zikikosa damu ya kutosha, mkojo wake unapungua. Kumbuka kwamba katika umri huu maji ya mfuko ni mkojo wa mtoto kwa sehemu kubwa. Basi mfuko wa Kulwa unakauka mpaka utando unamgandamiza ukutani mwa kizazi. Mfuko wa Doto unajaa, na moyo wake unachoka kusukuma damu iliyozidi.

Kwa hiyo mapigo mawili mazuri ya moyo hayatoshi kukurudisha nyumbani. Kosa hili hutokea sana watu wakiwa na haraka, na wakati wa mlipuko kila mtu ana haraka: kifaa kinawekwa tumboni, mioyo miwili inasikika, "wazima, nenda." Kinachotakiwa ni kina cha dimbwi kubwa la maji kwa kila mtoto. Katika kipimo kimoja, chini ya sentimita 2 upande mmoja na zaidi ya sentimita 8 upande wa pili ndiyo ugonjwa wenyewe wa kuhamishiana damu; baada ya wiki ya 20 madaktari wengi wa Ulaya huhesabu zaidi ya 10. Wewe una 3.1 na 5.2. Yote mawili yamo ndani ya mipaka. Tofauti ipo, lakini haijawa ugonjwa. Ukiona A ameshuka karibu na 2 huku B akipanda 7, hata kama hakuna aliyevuka mstari, omba upimwe tena baada ya wiki moja.

Cha pili cha kuuliza ni kibofu cha mtoto mwenye maji machache: kimeonekana? Kisipoonekana kabisa kwa muda wa kipimo, tatizo limepanda daraja. Cha tatu ni uzito wa kukadiria. Chukua mkubwa, toa mdogo, gawanya kwa mkubwa, zidisha kwa 100. Mfano, wiki ya 24, gramu 650 na gramu 480: tofauti ni 170, ukigawanya kwa 650 unapata kama asilimia 26. Ikifika 25 unahitaji daktari bingwa, na wengi wetu tungekutuma tangu 20. Hapo tatizo linaweza kuwa mgawanyo mbaya wa kondo, mmoja amepata kipande kidogo, hata kama maji ni mazuri. Kuanzia wiki ya 20, mashine ikiwa na uwezo huo, wapimwe pia mwendo wa damu kwenye kitovu na kwenye mshipa wa ubongo, maana kuna aina ya kuhamishiana damu polepole inayomwacha mmoja na upungufu mkubwa wa damu bila maji kubadilika hata kidogo.

Mabadiliko haya huweza kutokea ndani ya siku chache, na muda wa hatari kubwa ni wiki ya 16 hadi ya 26. Wiki tano bila kipimo katikati ya muda huo ni pengo ambalo simu haiwezi kuliziba. Simu inasikia mama anachosema, na mama mwenye tatizo hili anaweza kuwa hajisikii lolote mpaka maji yamejaa. Tumbo lililovimba ghafla ni dalili ya kweli, ila huja kwa kuchelewa.

Kwa hiyo, je, UVIKO ndio uliowachukua watoto wa wifi yako? Bila vipimo vyake hatuwezi kuapa. UVIKO kwa mjamzito si mafua ya kubeza: mimba inapokuwa kubwa kiwambo cha pumzi kinasukumwa juu, mapafu yanabanwa, na wajawazito waliugua vibaya kuliko wanawake wenzao wasio na mimba, wakajifungua kabla ya wakati zaidi. Lakini mapacha wa kondo moja, tumbo kujaa kwa siku chache, mmoja kufariki, mwingine kuzaliwa mapema: mtu yeyote wa wodi ya wazazi angeuliza kwanza habari ya maji. Mweleze mama mkwe hivyo kwa upole. Hofu yake ya foleni ina haki. Alichokosea ni kuweka foleni na kipimo kwenye kapu moja.

Mlipuko ukija, punguza watu wanaokukaribia, usipunguze vipimo. Mazungumzo ya lishe, majibu ya maabara, maswali ya kichefuchefu na miguu kuvimba kidogo, hayo yote yamalizike kwa simu. Safari ya kliniki iwe moja kila wiki mbili, na ibebe kila kitu kwa pamoja: ultrasaundi, presha, mkojo, wingi wa damu, na SP ikifika zamu yake. Panga saa na mpimaji badala ya kwenda kuweka kadi alfajiri. Omba uwe wa kwanza, kabla chumba hakijapitiwa na watu ishirini. Vyumba vya ultrasaundi ni vidogo, vina giza, na dirisha hufungwa kwa ajili ya kiyoyozi. Ugonjwa unaosambaa kwa hewa hupenda chumba cha namna hiyo kuliko benchi la chini ya mwembe, hivyo subiri nje uitwe. Barakoa ifunike pua. Nenda na khanga yako ya kutandika na kitambaa chako cha kufutia jeli. Msindikizaji mmoja anatosha, naye akae nje.

Jambo linalokwama mapema kuliko yote ni rufaa. Tiba yenye nguvu ya ugonjwa huu wa maji ni mionzi ya leza: daktari anaingiza kamera nyembamba ndani ya mfuko wa Doto na kuziba mishipa iliyoungana, moja baada ya nyingine. Utafiti uliofanyika Ulaya kwa wanawake 142, uliochapishwa mwaka 2004, ulionyesha kwamba kwa waliopata leza angalau mtoto mmoja aliishi hadi siku 28 katika mimba 76 kati ya 100, na kwa waliopunguzwa maji kwa sindano ni 56. Sindano hutoa maji ya Doto, mama akapumua na mlango wa kizazi ukapunguziwa uzito, lakini mishipa inabaki imeungana vilevile. Ni ya kununulia muda, na mahali pasipo na leza huwa ndiyo iliyopo. Vituo vya leza ni vichache duniani, na mlipuko hufunga njia ya kuvifikia. Mgonjwa wa kwanza wa UVIKO nchini alitangazwa 16 Machi 2020. Mwishoni mwa mwezi huohuo India, ambako Watanzania wengi hupelekwa kwa matibabu makubwa, ilikuwa imesimamisha ndege za abiria za kimataifa. Tarehe 12 Aprili na sisi tukasimamisha zetu hadi 18 Mei. Tarehe 16 Mei Kenya ikafunga mpaka wake na sisi isipokuwa kwa mizigo, na hapo mpakani Horohoro mtu wa Tanga aliyezoea kukimbilia Mombasa akagota.

Kwa hiyo swali la rufaa ulipeleke wiki hii, wakati maji yako ni mazuri, usingoje yaharibike. Muulize daktari wa wazazi hospitali ya mkoa, Bombo: "Ikitokea ugonjwa wa kuhamishiana damu, mnanipeleka wapi, na nani anampigia nani?" Kutoka Tanga, hospitali za KCMC Moshi na Muhimbili Dar es Salaam ziko mbali karibu sawa, kama kilomita 350 kila upande, njia ikigawanyika pale Segera. Ukishajua upande wako, na jina la idara, na kama wanapokea wa wiki zako, una kitu cha kushika mkononi. Anayeanza kuuliza siku ya ugonjwa hupoteza siku tatu, na hapa siku tatu ni nyingi.

Nyumbani fanya yafuatayo. Mashine ya presha ya mkononi ina thamani kuliko vitu vingi vinavyonunuliwa kwa ajili ya mtoto. Mapacha huongeza uwezekano wa kifafa cha mimba mara mbili hadi tatu. Kuanzia wiki ya 20 pima mara mbili kwa wiki. Kaa umeegemea kiti dakika 5, miguu yote sakafuni, usikae nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo, mkanda kwenye ngozi na si juu ya nguo. Mkanda mdogo kwa mkono mnene husoma juu kuliko ukweli, kwa hiyo mwombe muuza dawa apime mkono wako kabla ya kukuuzia. Ikifika 140 kwa 90, pumzika dakika 15 urudie. Ikibaki hapo nenda siku hiyohiyo. Ikifika 160 kwa 110, au ukiwa na kichwa kinachogonga, macho kuona vimulimuli au maumivu chini ya mbavu za kulia, usirudie kupima. Ondoka.

Kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni kinafaa ukiwa na kikohozi au homa. Mjamzito anatakiwa awe 95 au zaidi. Chini ya hapo ni safari ya hospitali. Sasa nyinyi watu wa pwani na hina zenu: piko nyeusi na rangi nzito ya kucha vinaweza kupotosha namba. Acha kidole kimoja kitupu mpaka ujifungue. Kidole kiwe na joto, usikitikise, usubiri namba itulie kama dakika moja.

Homa hapa Tanga ni mambo mawili, mlipuko au malaria, mpaka kipimo kiseme vinginevyo. Wakati wa UVIKO wengine walikaa na homa ndani wakijifukiza, kwa kuogopa wakienda kituo wataitwa wagonjwa wa korona, kumbe ni malaria, na malaria ndani ya kondo inayolisha watoto wawili ni hasara juu ya hasara. Ukipata homa, kipimo cha haraka cha malaria kifanyike siku hiyohiyo, mlipuko uwepo usiwepo.

Na hapo tufike kwenye dawa zako, maana kuna kosa. Foliki ya miligramu 5 na SP haziendi pamoja. SP huua vijidudu vya malaria kwa kuvinyima foliki. Ukimeza nyingi kiasi hicho unavirudishia chakula. Kama hakuna daktari aliyekuandikia kwa sababu maalumu, mathalani ugonjwa wa selimundu au dawa za kifafa, iache hiyo ya dukani, utumie vidonge vya kliniki vyenye madini ya chuma miligramu 60 na foliki miligramu 0.4, kimoja kwa siku. Hiyo foliki ndogo haiisumbui SP. Usimeze na chai, meza na chungwa; Muheza haiko mbali. SP nyingine unaweza kupewa mwezi mmoja baada ya ile ya kwanza, na utimize dozi tatu au zaidi kabla ya kujifungua. Kama unatumia kotrimoksazoli kila siku, SP hupewi.

Muulize daktari pia kuhusu aspirini ndogo, miligramu 75 hadi 150 kila usiku. Mapacha pamoja na mimba ya kwanza ni sababu mbili za kuifikiria kwa ajili ya kuzuia kifafa cha mimba. Hufaa zaidi ikianzwa kabla ya wiki ya 16, ila mpaka kabla ya wiki ya 20 bado ina maana. Mwenye vidonda vya tumbo au pumu aseme kwanza. Usijianzishie.

Kuna dawa nyingine tunayotaka uijue kwa jina kwa sababu mlipuko uliifanya igombaniwe: deksamethasone. Kwa mtoto anayetarajiwa kuzaliwa njiti, mama hupewa sindano nne za miligramu 6, kila baada ya saa 12, kati ya wiki ya 24 na ya 34, ili mapafu ya mtoto yakomae. Juni 2020 ilibainika pia kwamba miligramu 6 kwa siku huokoa wagonjwa wa UVIKO waliofikia kuhitaji oksijeni. Kilichofuata unakijua: watu wakaanza kununua vidonge na kumeza nyumbani bila kuishiwa pumzi. Inapandisha sukari na kuficha maambukizi. Usiimeze kwa kujilinda na mlipuko, na dozi moja kwa siku ya UVIKO haihesabiki badala ya zile nne za mapafu.

Oksijeni nayo ina hesabu yake. Mtungi mkubwa wa hospitali una lita kama 6,800. Mtu mzima anayevuta lita 10 kwa dakika anaumaliza kwa saa 11 na kitu. Kichanga anayepewa lita 1 kwa dakika angekaa nao zaidi ya siku nne. Wimbi likipanda, mitungi ya hospitali nzima inaelekea wodi ya watu wazima. Kwa hiyo ukifika wiki ya 28 uliza pale unapopanga kujifungulia kama wodi ya vichanga ina mashine yake ya kutengeneza oksijeni, au inategemea mitungi ileile.

Damu: kizazi kilichotanuliwa na mapacha huchelewa kukaza baada ya kuzaa, na mama huvuja. Shule zilipofungwa katikati ya Machi 2020, wanafunzi, ambao ni wachangiaji wakubwa wa damu, walikuwa majumbani. Watafute ndugu watatu wenye kundi linalokufaa, wenye afya, na wawe watu wanaopatikana. Mvuvi aliye baharini siku tatu asiwe mmoja wao.

Tarehe ya kujifungua mapacha wa aina yako, mambo yakienda sawa, ni wiki ya 36. Iandikwe kadini mapema. Mlipuko huzaa makosa mawili yanayopingana: wengine wanaharakishwa wiki ya 33 "watoke kabla wodi haijajaa", wengine wanaambiwa warudi wiki ya 39 kwa sababu chumba cha upasuaji hakina watu. Bila sababu ya kitabibu usikubali lolote kati ya hayo mawili. Wakizaliwa wadogo, kangaruu ndiyo joto lao, ngozi kwa ngozi kifuani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, Tanzania ikiwamo, ulionyesha kwamba kuianza mara baada ya kuzaliwa, kwa watoto wa kilo 1.0 hadi 1.8, kulipunguza vifo kwa robo. Kwa mapacha hapo ndipo mama mkwe anapopata kazi: mmoja kwako, mmoja kwake, khanga ikifungwa vizuri mgongoni. Na kama utakuwa na UVIKO siku hiyo, hupaswi kutenganishwa na watoto ikiwa una nguvu za kuwashika. Unavaa barakoa, unanawa mikono, unanyonyesha.

Kuhusu pesa, huduma za mjamzito kwa sera ni bure katika vituo vya serikali, lakini ultrasaundi mara nyingi hulipiwa. Kuanzia wiki ya 16 hadi ya 26 ni vipimo sita, na kimoja umeshafanya. Hivyo vitano vilivyobaki mumeo avitengee kwanza, kabla ya beseni na nguo za watoto. Ikishindikana, nendeni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali mkaombe msamaha, na mwende mkiwa na kadi yenye maandishi mekundu. Baada ya wiki ya 26 kupima kunaendelea hadi kujifungua, ila hapo likitokea tatizo kuzalisha nako kunakuwa njia mojawapo.

Usiku ukipata tumbo kukaza kila dakika 10, maji kutoka, damu, tumbo kujaa ghafla ukashindwa hata kulala chali, au kucheza kwa watoto kukapungua kuliko kawaida, piga 115, namba ya bure ya m-mama. Sema haya kwa mfuatano huu: ulipo, wiki za mimba, "mapacha wa kondo moja", na dalili. Wana magari ya wagonjwa na madereva wa mtaani waliosajiliwa, kwa hiyo usishangae ukija kuchukuliwa na teksi ya kawaida.

Kuhusu siku hizo nne: ukiwa kitandani kwa mpimaji, kabla hajaanza, mwonyeshe karatasi ya wiki ya 16 umwombe ahakikishe A wake ndiye A yule. Kwa kawaida A ni yule aliye karibu na mlango wa kizazi, lakini wiki hizi wanageuka, na mpimaji mwingine anaweza kumwita A yule aliyemwona kwanza. Herufi zikibadilishana, 3.1 iliyoshuka hadi 2.4 itasomeka kama 5.2 iliyoporomoka, na hakuna atakayejua ni mtoto yupi hasa maji yake yanapungua. Aandike pembeni na upande aliopo, kulia au kushoto, na mahali kitovu chake kilipojishika kwenye kondo. Mwende hivyo kila mara mpaka wiki ya 36.